Maziwa ya Pembe Ndefu na Tezi ya Mutama Anselme

Kwa miezi mitano mizima, mimi mwenye cheti cha maabara kilichopigwa mhuri, niliamini kwamba maziwa lala ya ng'ombe wa Ankole yanaponya tezi dume, na kwamba nguvu ya maziwa hayo inafuata urefu wa pembe. Ng'ombe mwenye pembe za kawaida, mgonjwa anywe kikombe kizima kwa siku. Mwenye pembe za kukwaruza mawingu, nusu kikombe kinatosha, maana dawa ni kali. Yule wa kizungu mwenye madoa, asiye na pembe, maziwa yake ni ya chai tu. Niliamini kiasi kwamba nikiwa kwenye gari kwenda Mbarara nilikuwa nikichungulia dirishani na kupima kwa macho pembe za ng'ombe wa watu.

Ninyi mnaobaki pale maabara mmeniomba niwaachie maandishi kabla sijasahau. Haya basi. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi, na habari za mshahara tuziache zilale. Nitawaambia kazi ilivyokuwa, na nitawaambia habari ya pembe, kwa sababu wengine wenu mmeisikia huko nje ikiwa imepambwa.

Nilifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale kutoka Fizi, Kivu ya Kusini kule Kongo, nikiwa fundi baiskeli. Kituo cha afya kilikuwa kinatafuta mkalimani, nami nikasema ninajua lugha tisa. Zilikuwa nne na nusu, Kirundi ndicho kikiwa ile nusu. Siku ya kwanza foleni ya wagonjwa ilianza mlangoni kwetu na kuishia karibu na mpaka wa Tanzania. Kufika saa nne nilikuwa nimetafsiri maumivu ya kiuno mara nyingi mpaka kiuno changu mwenyewe kikaanza kuuma.

Mchana huohuo nilipelekwa maabara kwa Musawo Loyce. Hapa Uganda kila anayevaa koti jeupe huitwa musawo, lakini yeye alistahili jina hilo kuliko wote. Alikuwa Munyankore mwembamba, miwani yake imefungwa kwa plasta ya vidonda, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia na kuuzia: hakuna salamu nyingi, bei moja. Alinipa chupa kumi za plastiki akasema, "Mukulu," yaani mkubwa, "ambia hawa watu waweke mukojo hapa. Kidogo tu." Nikawaambia. Mzee mmoja wa kijiji cha Juru, humohumo kambini, aliondoka na chupa yake, akarudi baada ya saa mbili akiwa amebeba kidumu cha lita tano, kimejaa nusu. Aliona kile kichupa ni dharau kwa maabara kubwa kama ile. Musawo Loyce hakucheka. Alimimina kidogo kwenye chupa, akamshukuru mzee kwa juhudi, akaniambia nikamwage kilichobaki mbali na maboga yake.

Ndivyo nilivyoingia maabara. Nilikwenda kutafsiri habari za mkojo, sikutoka tena.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Hadubini ilikuwa na kioo cha kuelekeza kwenye jua, kwa hiyo wingu likipita, malaria ilisubiri. Vioo vya kupakia damu tuliviosha na kuvitumia tena mpaka vikachoka. Rangi ya zambarau, ile mnayoipaka kwanza kabla ya ayodini, ilikuwa imeingia kwenye vidole vyangu hivi kwamba mke wangu, Mama Furaha, alizoea kuniona nikila ugali kwa mkono wa zambarau. Nimetazama mikojo mingi kuliko maji ya Ziwa Nakivale, na mnaolijua ziwa mtaelewa hiyo si kazi ndogo.

Kitu kimoja cha Musawo Loyce nawaomba msikiache. Alikuwa anafunika fomu ya mgonjwa kwa daftari. Hukuruhusiwa kuona daktari ameandika anashuku nini mpaka umalize kutazama kioo na kusema kwa mdomo umeona nini. Ukisoma fomu kwanza, alisema, macho yatakutafutia kile ulichosoma. Kulikuwa na mama mmoja wa Kibembe aliyeletwa na homa wiki ya tatu, fomu yote imejaa malaria, malaria, malaria. Nilitazama kioo nikasema sioni kitu. Nikaona aibu, nikataka kuona kitu. Musawo akatazama naye, hakuona kitu, ndipo akaniambia nimuulize mama kama anakunywa maziwa mabichi. Alikuwa anakunywa, tena kila asubuhi, kwa jirani mwenye ng'ombe. Damu ikapelekwa kupimwa, ikaonekana ni ule ugonjwa wa ng'ombe unaopita kwenye maziwa, wanaouita brusela. Tangu siku ile nikawa mhubiri wa kuchemsha maziwa. Nadhani nilihubiri kuliko mapadri wawili wakiunganishwa.

Shule yangu ilikuwa ya jioni, pale Base Camp, makao makuu ya kambi, mara tatu kwa wiki, watu wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Kiingereza, hesabu, baiolojia. Nilimaliza wa kwanza darasani. Tulianza thelathini, tukamaliza saba, na wawili kati ya hao saba walikuwa wamehamishwa kabla ya mtihani, lakini wa kwanza ni wa kwanza. Baadaye nikapata mafunzo na cheti cha usaidizi wa maabara, na kile cheti mmekiona ukutani kwangu, maana hakuna mgeni aliyewahi kuingia nyumbani asioneshwe.

Sasa nifike Mbarara. Miaka michache kabla sijastaafu, kituo kilinituma kwenye semina ya siku mbili ya watu wa maabara. Siku ya pili alisimama daktari mmoja wa njia ya mkojo, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, akazungumza kuhusu bakteria. Mimi nilizoea bakteria kama polisi anavyozoea wezi: ukimwona, umemkamata. Huyu akasema si wote maadui. Wapo wanaoishi tumboni mwetu na kutufanyia kazi, na wengine wamo ndani ya maziwa yaliyoganda. Akasema wataalamu wameanza kujiuliza kama bakteria hao wazuri wanaweza kusaidia wazee wenye tezi dume iliyovimba, kile kitezi cha wanaume kilicho chini ya kibofu, ambacho uzeeni hukua na kuibana njia ya mkojo. Huenda, alisema, wakituliza tumbo, wanatuliza na uvimbe wa mbali.

Hapo ikafika saa ya chai, na dereva wetu akapiga honi kwa sababu alitaka kupita Isingiro kuchukua ndizi. Nikanyanyuka. Kipindi cha pili baada ya chai sikukisikia. Niliona nimeshapata kitu kikubwa, nilikuwa nimekibeba kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

Kesho yake asubuhi nilichukua maziwa lala, nikayapaka kwenye kioo, nikayakausha, nikapitisha hatua zote nne za rangi. Ndugu zangu, nilivyoinamia ile hadubini niliwaona: vijiti vya zambarau, vingi, vimepangana kama askari siku ya uhuru. Nikamwita Musawo Loyce. Alitazama muda mrefu.

"Ni bakteria ya maziwa," akasema.

"Ndiyo, Musawo. Ni baganga ya tezi dume."

"Umekuta bakteria ya maziwa ndani ya maziwa. Sasa unataka nipige makofi?" Akarudi kwenye damu zake. "Leo umesoma fomu kwanza, mukulu."

Ningemsikiliza, ningewapunguzia kurasa. Lakini jioni ile nilipita Misiera kwenye duka la Mama Riziki, Mkongomani mwenzangu anayeuza maziwa, nikamweleza yote kwa furaha, nikimchorea vile vijiti kwenye karatasi ya kufungia sukari. Akaibandika karatasi ukutani. Baada ya miezi miwili hivi, nikiwa sokoni Isingiro, mchuuzi wa ng'ombe na maziwa ambaye sijawahi kumwona maishani mwangu alinieleza kwa siri kwamba maziwa lala yanakula tezi ya wazee, na kwamba maabara imethibitisha. Kisha akaongeza habari ya pembe. Bakteria wanashuka kutoka kwenye pembe, alisema, ndiyo maana ng'ombe wetu wana pembe ndefu na wazee wetu wana nguvu. Mimi nilipigwa na butwaa la furaha. Daktari wa Mbarara amesema, na sasa mchuuzi wa Isingiro anasema vilevile bila kumjua daktari. Mashahidi wawili. Mahakamani mtu anafungwa kwa mashahidi wawili.

Wakati huo ndipo jambo la Anselme lilipokuja.

Anselme alikuwa Mrundi wa Juru, mwalimu wa katekisimu, mkulima wa maharage. Warundi humwita mzee mutama, nasi sote tulimwita Mutama Anselme. Watoto wangu watatu walipata komunyo ya kwanza kwa mikono yake, kwa hiyo nyumbani kwetu hakuwa mgeni. Alikuwa ameanza kuamka mara nyingi kukojoa, na mkojo wenyewe unatoka kwa kubembelezwa. Alipimwa kituoni kwetu na kupewa barua ya kwenda hospitali Mbarara, akaonwe na daktari wa njia ya mkojo. Barua ile aliikunja akaiweka ndani ya misale yake, kile kitabu cha sala za misa. Alikuja kwangu maabara, akangoja mpaka Musawo Loyce ametoka, kisha akaniuliza kwa sauti ya kuungama kama ni kweli wanaopasuliwa Mbarara wanarudi si wanaume tena.

Nilipaswa kumwambia sijui, na kwamba barua ya daktari haikai kwenye misale. Badala yake nilimwambia asubiri kidogo. Nilimwambia, nayaandika haya kama nilivyosema: "Mutama, usikimbilie kisu. Kuko bakteria bazuri mu maziwa, bako nakula ile tezi polepole sawa mchwa banakula kibao. Jaribu miezi mitatu kwanza."

Akanishika mikono yote miwili. Nikamtafutia maziwa ya ng'ombe wa pembe ndefu kuliko zote za upande wa Juru, nikamwelekeza mke wake, Mama Gaudensia, ayachemshe kwanza, yapoe, kisha atie kijiko cha maziwa lala ya jana. Kuchemsha sikukosea. Nikamwandikia kipimo: nusu kikombe kila asubuhi.

Ila nilisahau jambo moja, nami nimeishi na Warundi miaka yote hii. Mrundi wa heshima hanywi peke yake. Mutama Anselme alikuwa ameacha pombe zamani kwa ajili ya altare, lakini mtungi wake wa urwarwa, ile pombe ya ndizi, ulikuwa bado upo, na mirija mirefu ya kunywea bado ilikuwa imening'inia ukutani. Akaujaza maziwa. Yalikuwa mazito, hayapandi kwenye mrija, kwa hiyo akayaongeza maji. Kisha akawaita wazee wenzake, kila Jumapili baada ya misa, wakae wauzunguke mtungi.

Wazee walikuja. Wa kwanza wawili, kisha wanne, mwisho, pamoja na Mutama mwenyewe, wakawa saba, nao wote, bila mmoja kumwambia mwingine, walikuwa na shida ileile. Ugonjwa ambao hakuna aliyethubutu kuutaja mbele ya muuguzi wa kike ulipata baraza lake. Nilikwenda kuwatembelea, wakanipa kiti. Walitaniana: huyu ameamka mara tano jana, yule ni mwizi, ameamka mara tatu tu. Mutama Anselme akawaambia kwamba mchwa wa Papa Furaha, ndiye mimi, hawafanyi kazi siku moja, hata nyumba ya Baba Mtakatifu haikujengwa siku moja. Nilicheka mpaka machozi. Nilijiona nimeanzisha hospitali.

Sikutazama walivyokaa. Mtungi wa heshima ukiwa umewekwa, mtu haachi mrija wake akainuka kabla mwenye nyumba hajainuka, na mwenye nyumba hainuki kabla wageni hawajashiba. Mutama Anselme alikuwa mwenye nyumba. Kwa hiyo mzee ambaye mkojo wake unatoka kwa shida alikuwa anakaa saa tatu, nne, akinywa maziwa yaliyotiwa maji, huku ameubana, kwa ajili ya adabu. Kila Jumapili. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nikihesabu mirija.

Jumapili moja, mwezi wa tatu wa maziwa, saa saba mchana, alikuja kijana wa bodaboda akaniambia Mama Gaudensia ananiita. Nilimkuta Mutama Anselme amelala chini kwenye mkeka, anatoka jasho, wazee wenzake wamesimama nje kofia mikononi. Tangu asubuhi kabla ya misa hakuwa ametoa hata tone. Alikuwa amesimama kanisani akasoma somo lote, akarudi, akakaa kwenye mtungi na wageni kama kawaida, mpaka akaanguka. Niliweka mkono chini ya kitovu chake. Palikuwa pagumu kama kibuyu. Yeye akanishika mkono na kuniuliza taratibu kama aongeze kikombe kingine, labda wale mchwa wamechoka.

Mnajua mimi ni mtu wa maneno. Pale nilimfuta jasho kwa shati langu.

Neno lilitoka kwa Mama Gaudensia. "Papa Furaha," akasema, "ile barua ya Mbarara iko mu misale. Nailete?"

"Ulete, Mama. Na shuka."

Tulimweka kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia, na ile barabara ya Juru mnaijua, kila shimo alilia. Kituoni muuguzi wa zamu alimpitishia mpira wa mkojo. Nimewaambia mambo mengi ya kuongezea katika maisha yangu, lakini hili nililipima mimi mwenyewe kwa kikombe chenye alama: lita moja na nusu, kasoro kidogo. Kibofu cha mtu mzima kinalia kwenda chooni kikiwa hakijafika hata theluthi ya hapo. Mutama Anselme alifumba macho, akasema Deo gratias, Mungu ashukuriwe, akalala palepale.

Musawo Loyce aliitwa kutoka nyumbani kwake. Akachovya kijiti cha kupimia kwenye ule mkojo, akasoma rangi, akaandika. Kulikuwa na damu, kulikuwa na uchafu wa maambukizi. Alisema kinachomtisha ni figo: mkojo ukikosa njia ya chini, unasukuma kurudi juu, na figo hazipendi kusukumwa. Kipimo cha figo tulikuwa hatuna. Ambulensi ingempeleka Mbarara jioni ileile, na mkalimani lazima aende. Huyo ni mimi.

Tukiwa tunangoja gari, nilianza kujitetea bila kuulizwa. Nikamwambia si mimi peke yangu, Musawo, hata Isingiro wanajua, mchuuzi mmoja wa ng'ombe alinieleza mwenyewe. Alifuta miwani yake kwenye koti.

"Huyo wa Isingiro alisikia wapi?"

"Sijui. Ananunua maziwa fasi mbalimbali."

"Ananunua Misiera?"

Nikageuka kutazama kama gari linakuja.

"Kwa yule mama mwenye karatasi ya vijiti kwenye ukuta?" Akavaa miwani. "Na karatasi alichora nani?"

Gari likafika. Nilipanda nyuma karibu na machela, nikiwa nimebeba mfuko wa mkojo mkononi, kwa sababu hapakuwa na pa kuutundika.

Mbarara walimtoa damu usiku uleule. Majibu yalitoka kesho yake: figo zimeumia. Kama zitarudi au hazitarudi, walisema, tungoje na mpira ukiwa ndani, tupime tena. Tulingoja siku nane. Mama Gaudensia alilala chini ya kitanda, mimi niliomba ruhusa kazini kwa ujumbe wa simu na Musawo Loyce akajibu kwa neno moja: Kaa. Kila asubuhi nilipima mkojo uliotoka, nikauandika kwenye daftari la shule, na sikuongeza hata mililita moja. Mutama Anselme hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Aliniuliza habari za maharage, akaniuliza kama wale wazee sita wanaendelea na mtungi. Nikapiga simu Juru. Walikuwa wanaendelea. Walikuwa wameongeza dozi, wakisema Mutama alizidiwa kwa sababu ng'ombe wake pembe moja ilikuwa imevunjika.

Siku ya tisa alikuja daktari mwenyewe. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo: yule mfupi wa semina, mwenye sauti ya chini. Yeye hakunitambua. Alisimama kando ya kitanda na karatasi za majibu, akasema kwa Kiingereza, nami nikageuza kwa Kiswahili, kwamba figo zinarudi. Si zote, lakini zinarudi, na zinatosha kuishi nazo. Mama Gaudensia alipiga magoti palepale kati ya vitanda. Daktari akaendelea: tezi imekua sana, sasa itabidi kupasua. Nikamuuliza, kwa niaba ya mgonjwa, kama angekuja ile siku aliyopewa barua ingekuwaje. Akatazama tarehe ya barua. Akasema huenda vidonge vingetosha.

Hilo nililitafsiri. Sikuliruka.

Mutama Anselme akauliza swali lake la zamani, kama atarudi mwanamume. Daktari akamweleza bila kucheka kwamba wanaondoa kile kinachobana njia, kwamba wengi wanarudi na maisha yao ya ndoa, kwamba kuna mabadiliko ambayo watayazungumza yeye na mke wake kabla ya kutia sahihi. Mutama Anselme akamtazama mke wake. Mama Gaudensia akasema kwa Kirundi jambo ambalo nusu yangu ya Kirundi ililielewa, lakini sitaliandika, ni la watu wazima. Mutama akacheka mara ya kwanza tangu Juru.

Kisha daktari akageuza kurasa, akakuta mahali muuguzi alipoandika kwamba mgonjwa alikuwa anatumia maziwa kama dawa. Akauliza ni nani aliyemwambia.

Mkalimani kazi yake ni kugeuza maneno. Nikamgeukia mgonjwa. "Mutama," nikasema, "daktari anauliza nani alikuambia unywe maziwa."

Mutama Anselme alinitazama kwa upole, kama anavyomtazama mtoto wa komunyo aliyesahau sala katikati.

"Mwambie ni wewe," akasema.

Nikamwambia. Nikamwambia na semina, na chai, na ndizi za dereva, na vijiti vya zambarau, na pembe, na wale wazee sita ambao muda ule tunaongea walikuwa bado wanakunywa. Nilidhani atanifukuza wodini. Alivuta kiti akakaa, akaniomba nimgeuzie kila sentensi mgonjwa asikie, kisha nipige simu Juru niyaseme hivyohivyo kwa wengine. Nami nilimgeuzia, na jioni ileile nikawasomea wazee wa Juru kwenye simu, sentensi kwa sentensi, bila kutia chumvi:

"Bakteria wazuri wanachunguzwa. Wapo wanaodhani wanaweza kupunguza uvimbe mwilini, pengine na ule wa tezi, na hilo ni jambo la maana kuchunguza. Lakini halijawa dawa. Baada ya chai nilisema hivyohivyo: hakuna anayeweza leo kumwambia mgonjwa anywe bakteria gani, kiasi gani, kwa muda gani, na mimi mwenyewe siwaandikii watu. Pembe za ng'ombe hazina kazi yoyote kwenye maziwa. Mzee mwenye shida ya mkojo asiubane kwa ajili ya wageni, aje apimwe, na akishindwa kabisa kukojoa aletwe siku hiyohiyo. Maziwa anywe kama anayapenda."